Mizani Iliyokataa Kufunguka

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Siku kama hii ya leo ni desturi ya Katibu kusimama na kuhesabu mema yote yaliyotendwa. Hesabu hizo zimo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, na kila mwanachama aweza kuzisoma kwa nafasi yake. Sisi tumeombwa na Bodi tuseme juu ya jambo moja ambalo halikutuletea sifa, nalo ni jambo la mizani zetu. Twalisema mbele ya wageni kwa kuwa Chama kinachoficha makosa yake siku ya sherehe hakitayakumbuka siku ya kazi.

USHIRIKA NA MIZANI

Ndugu Wanachama, historia ya ushirika ni historia ya mizani. Tarehe 21 Desemba 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, wafumaji na mafundi wengine walifungua duka dogo katika njia iitwayo Toad Lane. Walikuwa wamechangishana fedha kidogo kidogo, na siku ile ya kwanza walikuwa na vitu vichache tu vya kuuza: unga, siagi, sukari, na mishumaa. Maduka mengine ya mji yalikuwa na vitu hivyo kwa wingi. Lakini duka lao lilikuwa na mambo mawili ambayo maskini wa mji ule walikuwa wakiyatafuta bila kuyapata, yaani unga usiochanganywa na takataka, na mizani isiyoiba.

Hapa kwetu mambo hayakuwa mbali na hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma, waliochoka kupunjwa magulioni, waliweka wapimaji wao wenyewe ili wahakikishe uzito uliosomwa na wanunuzi. Katika juhudi hizo vilichipuka vyama vya wakulima, navyo vikaungana, hata mwaka 1955 ikazaliwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Basi wazee wetu kabla hawajadai bei walidai kipimo, maana walijua kwamba bei nzuri juu ya mizani mbovu ni bei mbovu.

Tumeanza na habari hizi ili ieleweke kwamba jambo tutakalolisema, ingawa ni la vyombo vya siku hizi, si jambo geni. Ni lile lile la Toad Lane na la Usukuma: je, mtu aliyetoa fedha yake, au aliyeleta mazao yake, anapata kile alichoambiwa kwamba atakipata?

MIZANI TULIZONUNUA

Chama Kikuu chetu kilipotimiza mwaka wa tano, Bodi iliamua kununua mizani za kisasa kwa magulio yote. Wengi wenu mwazikumbuka siku zile. Karani aliweka mzigo wa pamba, mkulima akaonyesha kadi yake, na mizani yenyewe ikaandika kilo na kuzipeleka kwa njia ya mtandao hadi kwenye seva ya kampuni, yaani kompyuta iliyo mbali ambayo hutunza kumbukumbu za wateja wote. Kabla mkulima hajageuza baiskeli yake, ujumbe ulikwisha kuingia katika simu kumwambia kilo zake ni ngapi. Karani hakuweza kupunguza, wala mkulima hakuweza kudai zaidi. Twasema kweli, misimu mitatu ile haikuwa na ugomvi gulioni. Kazi ambayo babu zetu waliajiri watu kuifanya, sasa chombo kiliifanya.

Msimu wa nne, katikati ya ununuzi, mizani hazikufunguka. Makarani waliziwasha asubuhi kama kawaida, na kila mizani ikaandika katika kioo chake kwamba inatafuta seva. Ikaitafuta mpaka jioni. Tulipopiga simu kwa muuzaji tuliambiwa kwamba mtengenezaji ameacha kuzihudumia mizani za aina ile, seva imefungwa, na kwamba zipo mizani mpya zilizo bora zaidi, bei yake ni hii.

Ndugu Wanachama, chuma cha mizani zile kilikuwa kizima. Sahani zake zilikuwa nzima, betri zake nzima, na muhuri wa Wakala wa Vipimo ulikuwa ungali juu yake. Uzito ziliweza kuupima. Kilichokosekana ni ruhusa tu, na ruhusa hiyo ilikuwa mikononi mwa watu tusiowajua, katika nchi ambayo hatujafika.

Mwayajua yaliyofuata. Kwa siku nne wakulima walilala gulioni na pamba yao, hali tunatafuta mizani za zamani za kuning'inizwa zilizokuwa zimetupwa ghalani. Wachuuzi walisikia habari, wakaja usiku. Wako wanachama waliouza kwao kwa bei ya hasara, kwa kuwa mgonjwa aliye nyumbani hangoji mtandao. Tena tulipofika wakati wa malipo ya pili, ambayo hugawanywa kwa kilo alizoleta kila mtu, tulikuta kwamba kilo za msimu ule zilizopimwa kabla ya kufungwa zimebaki katika seva ile. Vyama viwili tu vya msingi vilikuwa na hesabu kamili, kwa sababu makarani wao, watu wazima wa kale, walikuwa wakiandika kila mzigo katika daftari la mkono, nasi hapa ofisini tulikuwa tukiwacheka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tulikuwa tukiisoma methali hiyo katika vitabu vya shule. Msimu ule tulisomeshwa upya.

KOSA LETU

Yatupasa kukiri mambo mawili. La kwanza, ilani ya kufungwa kwa huduma ilikwisha kuletwa katika barua pepe ya ofisi, nasi tuliisoma kama mtu asomavyo tangazo la biashara, tukaiacha. La pili ni kubwa zaidi. Katika mkataba tuliotia sahihi, kwa maandishi madogo ya Kiingereza, yalikuwamo maneno kwamba kampuni yaweza kusimamisha huduma wakati wowote. Tuliuliza bei, tukauliza muda wa dhamana, tukauliza rangi. Hatukuuliza: huduma hii itakwisha lini?

Twasema haya si kwa kujidhili. Twayasema kwa kuwa kila mmoja wenu mwenye simu janja mfukoni yumo katika hali ile ile, na pengine hajaambiwa.

VITU VIWILI KATIKA SANDUKU MOJA

Anayenunua jembe hununua kitu kimoja. Mhunzi aliyelifua aweza kuhama au kufa, na jembe litaendelea kulima mpaka chuma kiliwe na udongo. Lakini anayenunua chombo janja, ikiwa ni simu, kompyuta, mizani, pampu ya umwagiliaji inayoongozwa kwa simu, au kamera ya kulinda ghala, hununua vitu viwili katika sanduku moja. Cha kwanza ni chombo chenyewe, nacho akishika kwa mkono ni chake. Cha pili ni utumishi wa mtengenezaji, yaani programu zinazosasishwa, kinga dhidi ya wezi wa mtandao, na seva inayojibu. Hicho cha pili hakishikiki. Ni ahadi, na ahadi hiyo ina mwisho, ingawa mara nyingi mwisho huo haukuandikwa juu ya sanduku.

Mwisho huo huja kwa njia tatu, nasi tutatoa mfano mmoja kwa kila njia.

Njia ya kwanza ni chombo kubaki hai bila kinga. Mathalani, programu ya kompyuta iitwayo Windows 10 ilitolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 utunzaji wake wa kawaida ulikoma. Siku ile kompyuta hazikuzimika. Ziliwaka kama jana. Lakini zilikoma kupewa bure yale masasisho yaliyokuwa yakiziba kila tundu jipya linalogunduliwa na wezi, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza ya muda. Na kompyuta nyingi zilizokuwa nzima hazikuweza kupokea Windows 11, kwa kuwa programu hiyo mpya hudai vipande fulani ambavyo hazinavyo. Mtu asidhani kwamba hatari hii ni ya maneno tu. Mwezi Oktoba 2016 wahalifu walitumia maelfu kwa maelfu ya kamera na vyombo vingine vidogo vya mtandao, ambavyo nywila zake za kiwandani hazikuwa zimebadilishwa, wakaishambulia kampuni moja ya Marekani iitwayo Dyn hata kurasa nyingi maarufu zisifunguke kwa saa kadhaa. Wenye vyombo vile hawakujua kwamba mali yao inatumika katika uhalifu.

Njia ya pili ni chombo kuachwa na programu. Tangu tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp haikuendelea kufanya kazi katika simu zenye Android 4.4 na zile zilizo za kale kuliko hiyo. Simu hizo zilipiga na kupokea simu kama kawaida. Lakini kwa mwanachama ambaye matangazo ya gulio na bei ya siku huyapata katika kundi la WhatsApp la chama chake, simu yake ilikuwa imekuwa kiziwi.

Njia ya tatu ndiyo iliyotupata sisi, yaani seva kufungwa na chombo kufa kabisa. Hata huko Marekani wamekwisha kuionja. Kulikuwa na kijisanduku kiitwacho Revolv, kilichouzwa kwa dola karibu 300, cha kuongozea taa na vyombo vya nyumbani, na wanunuzi waliambiwa kwamba huduma yake ni ya maisha. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilinunuliwa na Nest, iliyokuwa mali ya Google; na tarehe 15 Mei 2016 seva ilifungwa na vijisanduku vyote vikawa havina kazi. Wenye navyo walipiga kelele. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi ile ikafanya uchunguzi, kisha ikaufunga bila kuchukua hatua, na miongoni mwa sababu ilizotoa ni kwamba vijisanduku vilivyouzwa vilikuwa vichache na kwamba Nest ilikubali kuwarudishia wanunuzi fedha zao. Tazameni basi: waliopata haki yao waliipata kwa kuwa hawakunyamaza.

HAKI YA MLAJI

Wako wenzetu wanaouliza: je, mlaji, yaani mtu anunuaye kitu kwa matumizi, ana haki gani katika jambo kama hili? Tarehe 15 Machi 1962 Rais John F. Kennedy wa Marekani, katika ujumbe wake kwa Bunge la nchi ile, alizitaja haki nne za mlaji: haki ya kuwa salama, haki ya kuarifiwa, haki ya kuchagua, na haki ya kusikilizwa. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulitoa miongozo ya kumlinda mlaji kwa mataifa yote. Hakuna kati ya hizo haki nne iliyozeeka. Anayeuza chombo bila kusema kitahudumiwa mpaka lini, humnyima mnunuzi haki ya kuarifiwa; na asiyearifiwa hawezi kuchagua.

Jambo hili la kutoarifiwa limeenea sana. Mwezi Novemba 2024 watumishi wa Tume ile ya Marekani walitoa taarifa ya vyombo janja 184 walivyovichunguza, wakakuta kwamba karibu 89 katika kila 100 havikuonyesha, katika kurasa za watengenezaji wenyewe, muda ambao programu zake zitatunzwa.

Serikali nyingine zimekwisha kuanza kulitia jambo hili katika sheria. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, humlazimisha mtengenezaji wa vyombo vya mtandao vya watu wa kawaida kutangaza muda ambao chombo kitapewa masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya umetunga kanuni ambayo masharti yake makubwa yamewekewa tarehe 11 Desemba 2027 kuanza kutumika, na humo mtengenezaji hutakiwa kukitunza chombo kwa muda usiopungua miaka 5, isipokuwa chombo ambacho kwa tabia yake hutumika muda mfupi kuliko huo.

Hapa kwetu hatukuachwa mikono mitupu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hukataza mwenendo wa kuwapotosha wanunuzi, na iko Tume ya Ushindani ya kupokea malalamiko. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa humpa nguvu mnunuzi aliyemjulisha muuzaji kusudi la ununuzi wake, akautegemea ujuzi wa muuzaji huyo. Bidhaa yapasa kufaa kwa kusudi lile. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humpa kila mtu haki ya kuzipata taarifa zake zilizoshikwa na mwingine. Na kilo za mkulima, zilizoandikwa kwa jina lake na namba ya simu yake, ni taarifa zake. Jirani zetu wa Kenya wameiweka haki ya mlaji katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 46, ambayo hutaja waziwazi haki ya kupewa habari zinazohitajika ili mtu afaidi kikamilifu kile alichokinunua.

Lakini sheria, Ndugu Wanachama, ni kama mizani ya kuning'inizwa: haipimi mpaka mtu aiinue.

TULIVYOIINUA

Vyama vya msingi viliandika barua kwa muuzaji, kila chama peke yake. Hazikujibiwa. Kisha Bodi ikaamua iandikwe barua moja kwa jina la Chama Kikuu, ikiwa na stakabadhi zote, namba za mizani zote, na maelezo ya mauzo, ambamo muuzaji mwenyewe alikuwa ameandika kwamba mizani zafaa kwa ununuzi wa mazao kwa miaka mingi. Tulisema kwamba madai yetu ni juu yake yeye aliyepokea fedha, si juu ya kampuni ya mbali. Na kwamba nakala ya barua itakwenda kwa Tume asipojibu. Barua hiyo ilijibiwa.

Alikuja fundi, akaondoa kufuli la programu katika mizani zote, hata zikaweza kupima bila kuitafuta seva. Leo zingali zinapima. Kwa zile zilizokuwa bado katika dhamana tulirudishiwa sehemu ya fedha. Lakini kilo za msimu ule hazikupatikana kamwe, na katika vyama ambavyo havikuwa na daftari ilitubidi kukaa na wanachama mmoja mmoja, tukitazama ujumbe wa simu kwa wale ambao simu zao zilikuwa bado nazo, na kwa wengine tukisikiliza ushahidi wa majirani. Tunajua kwamba wako waliopata pungufu. Kwao, mbele ya mkutano huu, ofisi inaomba radhi.

MASWALI MATANO

Sasa tumeletewa tena mizani mpya na wauzaji mbalimbali, na Mkutano huu utaombwa kutoa kauli. Wako wanaosema tusiziguse kabisa. Sisi hatukubaliani nao. Chombo kile kilituondolea dhuluma ya miaka mingi, na si haki kulaumu mizani kwa sababu ya mkataba. Wako pia wanaosema kwamba tumdai mtengenezaji ahudumie milele. Hilo nalo si haki. Hakuna kampuni iwezayo kuapa kwamba haitakufa, na utumishi una gharama yake. Tunachodai ni kuambiwa mwisho kabla ya kutoa fedha, na kuachiwa ufunguo mwisho huo ufikapo.

Kwa hiyo Bodi inapendekeza kwamba chombo chochote cha namna hii kisinunuliwe kwa fedha za Chama mpaka muuzaji ajibu kwa maandishi, katika Kiswahili, maswali haya matano:

Kwanza: Mtengenezaji atakitunza chombo hiki mpaka tarehe gani? Muda uhesabiwe kwa tarehe ya kalenda, maana neno «maisha» halituambii ni maisha ya nani.

Pili: Mtandao ukikatika au seva ikifungwa, chombo kitaendelea kufanya kazi gani peke yake? Mizani isiyoweza kupima bila idhini ya mbali si mizani yetu, ni ya kukodi.

Tatu: Kumbukumbu zetu twaweza kuzitoa zote, wakati wowote, katika namna ambayo kompyuta nyingine yaweza kuisoma?

Nne: Vipuri na fundi vitapatikana wapi, na kwa muda gani?

Tano: Huduma ikikoma tutaarifiwa siku ngapi kabla yake, nani atalifungua kufuli, na je, mtengenezaji atakubali kuwaachia wengine njia ya kukitunza? Jambo hili la mwisho si ndoto. Kampuni iliyotengeneza saa janja ziitwazo Pebble iliacha kazi mwaka 2016. Watu wa kujitolea, kwa jina la Rebble, wakajenga huduma ya kuzihuisha saa zile. Na mwezi Januari 2025 Google, ambayo programu ya saa hizo ilikwisha kuangukia mikononi mwake, ikaiweka wazi sehemu kubwa ya programu hiyo ili kila fundi aweze kuitumia. Atakaye kuachia ufunguo aweza.

Asiyejibu maswali hayo, na tusimpe fedha, hata kama bei yake ni ndogo. Na majibu yatakayotolewa yawe sehemu ya mkataba.

Kwa mwanachama mmoja mmoja twaongeza maneno machache. Ununuapo simu, hasa iliyokwisha kutumika, uliza ni Android ya ngapi na kama ingali ikipokea masasisho. Tunza stakabadhi. Mweleze muuzaji mbele ya shahidi, au kwa ujumbe, unanunua kwa kazi gani. Ukipata ilani kwamba huduma itakoma, usiifute. Ilete kwa karani wako, na kabla ya siku yenyewe toa nakala ya kila kitu chako. Chombo kilichokwisha kuachwa bila kinga, usikitumie kwa mambo ya fedha. Nao makarani wote, tangu msimu ujao, wataandika kila mzigo katika daftari, hata kama mizani ni ya kisasa namna gani. Hatutawacheka tena.

MWISHO

Ndugu Mwenyekiti, mwezi Juni 2024 kampuni ya Marekani ya magari ya umeme iitwayo Fisker iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya kufilisika. Wenye magari yake walijikuta na magari mapya ambayo mtengenezaji wake amekwisha kuanguka. Walifanya nini? Waliunda chama chao, Fisker Owners Association, ili watafute pamoja vipuri na masasisho ya programu. Watu wale walikuwa na uwezo wa kununua magari ya thamani kubwa, tena wako katika nchi yenye mawakili wengi. Hata hivyo shida ilipowafika walikuja kwenye njia ile ile ya wafumaji wa Rochdale na ya wakulima wa pamba wa Usukuma.

Sisi hatuhitaji kuungana, maana tumekwisha kuungana. Miaka kumi hii tumejenga maghala, tumelipa madeni, tumesimama. Kilichobaki ni kuutumia umoja huu kabla ya sahihi kutiwa, si baada ya mizani kukataa kufunguka. Mnunuzi mmoja akiuliza maswali matano, muuzaji hutafuta mteja mwingine. Vyama vyote vya msingi vikiuliza kwa sauti moja, hapana budi atafute majibu.

Bodi inaomba Mkutano upokee maswali hayo yawe kanuni ya ununuzi ya Chama Kikuu kwa miaka kumi ijayo.

 Mungu aubariki ushirika wetu.